Mashine ya Wembe kwa Shingo ya Malte

Tk. Tk. Tk.

Nilifumbua macho. Giza totoro, mvua ya Novemba inapiga dirishani. Sauti ilitoka bafuni: plastiki ikigongwa kwenye ukingo wa sinki. Kikapita kimya. Halafu mtu akavuta pumzi kwa meno.

"Ssssss!"

Nikajua. Malte ananyoa tena, kwa taa ndogo ya kioo, mapema hivyo ili mimi nisimwone.

Kwa wewe uliyekosa wiki zilizopita: mimi ni Rieke, mke wa Malte Broch, mama wa Fenja wa miaka minne, mkazi wa Solingen, mji wa visu, ambako kila nyumba ina mtu aliyewahi kunoa kitu kwa mshahara. Kiwanda cha makasi alichofanyia kazi mume wangu kilifungwa Pasaka. Mwezi wa saba niliacha mpira wa mashine ya kufulia ukachomoka, stoo ya jirani ikageuka bwawa. Mwezi wa tisa nikafua shati lake jeupe la usaili pamoja na soksi nyekundu ya Fenja, akaenda kuomba kazi akiwa na rangi ya peremende. Na wiki iliyopita niliwaacha na barua mkononi: kikosi cha zimamoto cha mji kinamtaka Malte. Amepita mbio, amepita ngazi, amepita hesabu. Limebaki jaribio moja tu, la barakoa ya hewa, Jumatatu saa tatu asubuhi.

Barua ilikuwa na mistari miwili iliyokolezwa wino. Wa kwanza: uso unyolewe kabisa, maana ndevu zikikaa kwenye mstari wa barakoa hewa inavuja na moshi unaingia. Wa pili: asiwepo mwenye jeraha bichi mahali barakoa inapogusa. Atakayeshindwa asubiri mwaka mzima.

Sasa Malte amefuga ndevu tangu ana miaka kumi na tisa. Watu hudhani ni mapambo. Si mapambo. Ni shingo.

Niliingia bafuni. Ndevu za mashavuni na kidevuni zilikuwa bado zipo, ila shingoni alikuwa amebandika vipande vitano vya karatasi ya chooni, kila kimoja na doa lake jekundu.

"Umeamka?" akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyefumaniwa.

"Malte, hebu geuka."

"Usiangalie."

"Nimekuzalia mtoto, nitashindwa kuangalia shingo? Geuka!"

Akageuka. Jamani! Kama shamba la stroberi.

"Siku nne tu hizi," akasema. "Ngozi itazoea."

"Itazoea nini, kuchinjwa?"

Akacheka, karatasi moja ikadondoka. Huyo ndiye Malte. Hata akivuja damu anacheka. Nilimpaka mafuta ya Fenja ya mtoto, nikaapa moyoni kwamba ikifika Jumatatu mume wangu atavaa barakoa ile kama alizaliwa nayo.

Nilikuwa na euro sitini nilizopata kwa kuuza kigari cha Fenja. Na nilikuwa na kitu kingine: cheti cha shule ya jioni, nilichokipata nikiwa na mimba, ambako mwalimu wetu alitufundisha kusoma maelekezo hadi mstari wa mwisho. Likumbukeni hilo. Nitaaibika nalo mbele.

*

Asubuhi hiyo hiyo ya Alhamisi nilikwenda kwa Bi Evertz, mwenye duka la visu mlimani kule. Ana miaka sabini, miwani imening'inia kwa mnyororo, na hauzi kitu kabla hajakuhoji.

"Mumeo ana ndevu za namna gani?"

"Mashavuni fagio. Shingoni ngozi ya mtoto mchanga."

"Ananyolea nini?"

"Zile za plastiki za kutupa. Nyembe tano zimepangwa kama ngazi."

"Nyembe tano! Shingoni!" Akavaa miwani anitazame vizuri. "Mwanangu, huo si wembe, huo ni mkutano. Wa kwanza anavuta, wa pili anakata, hao watatu waliobaki wanafanya nini kama si kuchubua?"

Akatandaza kitambaa cheusi, akaweka mashine tatu za chuma, zile za kutia wembe mmoja. Kila moja ilikuwa na pete shingoni, na kwenye pete namba.

"Huyu wako ana nyuso mbili katika uso mmoja. Anahitaji mashine ya kurekebisha. Ukizungusha pete, mwanya kati ya wembe na ukingo unapanuka au unabana. Kwenye moja, wembe umejificha, unalamba tu. Kwenye tano umetoka nje, unafyeka. Shingo aipe moja. Mashavu ayape tatu. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Bei?"

"Hii ya kwanza mia na arobaini."

"Hiyo tuisalimie tu."

Akacheka, akaiondoa. "Hii ya pili, sabini na tisa. Mpya, nzito, pete haichezi."

Niliishika. Ilikaa mkononi kama yai. Nikaiweka chini polepole. "Na hii ya tatu?"

"Ishirini na mbili. Namba kumi, zinang'aa. Zungusha."

Nikazungusha, moja mpaka kumi. Akaichukua, akaielekeza dirishani. "Sasa chungulia mwanya. Umeona umebadilika?"

"Hapana."

"Haubadiliki. Wamechora namba, basi. Usinunue namba, nunua mwanya. Iweke mwangani: mwanga uwe sawa kushoto na kulia. Ukiona upande mmoja mnene, rudisha."

"Mbona unaiuza, sasa?"

"Siiuzi. Naionyesha kwa watu kama wewe, ili waache kuinunua mahali pengine."

Nikamwambia ukweli, kwamba sitini ndiyo yote, na ndani yake lazima nipate brashi, sabuni na nyembe.

Bi Evertz akavua miwani. Akatazama mlangoni kama mtu anayetaka kutoa siri.

"Hapa nampoteza mteja. Jumamosi nenda sokoni kwa mitumba, umuulize Zoran. Alikuwa fundi wa kupaka vyuma nikeli, miaka mingi. Ana mashine za zamani za mji huu huu. Ya zamani nzima ni bora kuliko mpya ya uongo. Brashi na sabuni chukua kwangu. Na nyembe, usimchukulie aina moja mia. Nitakuchanganyia aina nne, tano tano. Wembe ni kama kiatu, hukijui mpaka ukivae."

*

Jumamosi nilikuwa sokoni kabla watu hawajamaliza kupanga meza. Fenja mkononi, kofia imemfunika mpaka nyusi.

Zoran alikuwa mzee wa kofia ya sufu na vidole vilivyoungua ungua. Alinipa mashine moja imefungwa kwenye soksi.

"Arobaini," akasema.

"Sijaiona bado."

"Ndiyo maana nimesema arobaini. Ukiiona nitasema hamsini."

Niliitoa. Nzito, fupi, pete moja mpaka tano. Nikaiinua mwangani kama nilivyofundishwa, nikafumba jicho moja. Mwanga mwembamba, sawa kushoto, sawa kulia. Nikazungusha pete, mwanya ukafumbuka polepole kama kope.

"Aah!" Zoran akasema. "Nani kakufundisha? Bi Evertz? Yule mama ataniua njaa. Haya, thelathini na nane."

"Thelathini na tano, na unieleze inavyofunguliwa."

"Thelathini na tano, kwa sababu ya kofia ya huyo mtoto. Sikiliza vizuri. Ukiifungua kuweka wembe, kifuniko hiki kina alama hapa. Na chini hapa kuna alama nyingine. Alama itazame..."

"Mama, waffle!" Fenja akachomoka mkononi.

Nilimkuta meza ya tatu, amesimama mbele ya bibi asiyemjua, mdomo wazi kama kinda la ndege, na bibi wa watu tayari anamkatia kipande cha mkate wake mtamu bapa. Nikaomba radhi, nikamfuta sukari, nikarudi mbio.

"Umenisikia?" akauliza Zoran.

"Nimekusikia," nikasema.

Hapo ndipo nilipodanganya mara ya kwanza.

Jioni Malte alitoka kukimbia kidogo, nami nikaiandaa zawadi yangu. Kitu cha mitumba, sharti kioshwe. Nikaifungua vipande vitatu, nikaiogesha kwa siki na maji moto, nikaisugua kwa mswaki wa zamani mpaka nikajiona kwenye nikeli. Nikairudishia. Kifuniko kilikaa bila taabu.

Ubaya wake ni kwamba hukaa bila taabu upande wowote.

*

Jumapili asubuhi nilimpa Malte, imefungwa kwa karatasi ya mkate.

"Ya pete!" Macho yakamtoka kama mtoto wa Krismasi. "Rieke, umeipata wapi? Mbona ghali hii!"

"Nyoa kwanza, sifa baadaye. Shingo moja, mashavu tatu."

Akapaka povu kwa brashi, akaweka pete kwenye moja, akainua kidevu. Mimi na Fenja tulikaa ukingoni mwa beseni la kuogea kama watu walio mstari wa mbele.

Mkwaruzo mmoja. Wa pili.

"Ai!"

Povu likawa jekundu. Sehemu mbili, chini ya taya, na si zile chubuko za karatasi za chooni. Alikatika kweli. Akabana taulo, akakaa juu ya choo.

"Kwenye moja," akasema. "Rieke, pete iko kwenye moja."

Nikaichukua kuisuuza. Maji yalipoondoa povu, nikaziona. Alama ya kifuniko ilikuwa inatazama dirishani. Alama ya chini ilikuwa inatazama mlangoni.

Sauti ya Zoran ikanirudia yote, hata ile nusu niliyoikimbia. Nilikuwa nimekigeuza kifuniko. Namba zote za pete zilikuwa zinasema uongo, na ile moja ilikuwa karibu nne.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno matatu tu. Lakini nikaiona stoo ya jirani, nikaiona shati la rangi ya peremende, nikajiona mimi tena na tena, yule yule. Nikaikausha mashine, nikaificha droo ya chini, nyuma ya mataulo.

"Pole, mpenzi," nikasema.

*

Alasiri tulikwenda kwa wakwe zangu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kuna kahawa kwao, ile ya kujaza meza: waffle na matunda ya cheri ya moto, wali wa maziwa wenye mdalasini, mkate mweusi, na birika la bati lenye kibomba chini, linalodondosha kahawa tone kwa tone mpaka mtu aombe dua.

Baba mkwe Ewald alikuwa msaga visu miaka arobaini na moja. Bibi yake, mama wa baba yake, alibeba visu vilivyosagwa kwenye kikapu kichwani, mlima kwa mlima, kuvipeleka kiwandani. Mbele ya Ewald hutaji kitu chenye makali kama hujajiandaa.

Mama mkwe Gerlinde aliziona plasta kabla ya koti kuvuliwa.

"Nani kakuchinja?"

"Wembe wa zawadi, mama. Rieke kaninunulia."

"Zawadi?" Akaweka sahani chini. "Na wewe umempa senti?"

"Senti ya nini?"

"Ya nini! Ewald, umesikia? Mtoto niliyemzaa Solingen ananiuliza senti ya nini! Chuma chenye makali hakitolewi bure, wewe. Anayepewa hulipa, hata senti moja, kiwe kimenunuliwa. Bila hivyo kinakata wapendanao. Si hicho kimekukata?"

"Mama, kimenikata kwa sababu kina makali."

"Lipa!"

Malte akapekua mifuko yote, akapata senti moja, akanisukumia kupitia kati ya waffle. Nikaichukua. Fenja akapiga makofi. Gerlinde akapumua.

"Sasa damu itakauka," akasema.

Nilicheka kuliko wote mezani. Nilijificha nyuma ya senti ile kama mtu mnene nyuma ya mti mwembamba.

Lakini Ewald hakucheka.

"Senti haikati mtu, mama Malte. Kinachokata ni mwanya. Mashine hiyo imetoka kwa nani?"

"Kwa Zoran, baba," nikajibu, sauti yangu ndogo.

"Zoran yupi? Yule fundi wa nikeli?" Akasimama. "Zoran amemuuzia mkwe wangu mashine mbovu? Miaka kumi na tisa tumekula mkate benchi moja! Jumamosi nitasimama mbele ya meza yake, nimwulize, soko zima lisikie!"

"Kaa, wali unapoa," Gerlinde akamvuta shati.

"Sikai!"

"Baba, acha," Malte akasema. Alikuwa anatabasamu, tena tabasamu lile lile la bafuni, na ndilo lililonimaliza. "Si kosa la mtu. Kama namba moja inanifanya hivi, basi shingo yangu haijaumbiwa wembe. Nimeshaamua. Kesho asubuhi nawapigia simu, wampe nafasi mwingine. Kule kwenye ghala la binamu yangu wanataka watu."

Birika likadondosha tone. 

Mimi namjua Malte anavyozungumza juu ya zimamoto. Usiku anafunga mafundo ya kamba kwenye mguu wa kitanda. Fenja anajua majina ya magari yao yote.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Nilikigeuza kifuniko. Niliifungua nikaiosha, nikakirudisha kinyume. Zoran alinieleza, sikumsikiliza, nikasema nimesikia. Na leo asubuhi nimeziona alama, nikanyamaza. Haikuwa moja, Malte. Ilikuwa kama nne. Umenyoa shingo kwa nne."

Machozi yalinitoka juu ya cheri.

Malte akanitazama. "Uliziona asubuhi?"

"Asubuhi."

"Na umeniacha nitoe senti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Pembeni nikasikia sauti kama kikohozi. Alikuwa Ewald. Mabega yalimtikisika, mkono umefunika macho.

"Mwaka wangu wa kwanza," akasema akijifuta, "nilisaga makasi dazeni thelathini upande usio wake. Dazeni thelathini! Baba yangu alikaa siku mbili bila kusema neno. Ya tatu akaniwekea jozi moja kitandani. Mpaka leo ndiyo ninayokatia kucha, na hayakati." Akanigeukia. "Mwanangu, wewe umegeuza kifuniko kimoja tu. Bado hujafika nilipofika mimi."

"Ila soma maelekezo," akasema Gerlinde.

"Ana cheti cha kusoma maelekezo," akasema Malte.

"Basi kimegeuzwa nacho!"

Wakaangua kicheko, wote watatu. Malte akanishika mkono chini ya meza, akaubana kwa nguvu kidogo kuliko mapenzi yanavyotaka. Nilistahili.

*

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri Ewald alikuwa mlangoni kwetu na taa yake ya kazini. Akaitoa mashine nyuma ya mataulo, akageuza kifuniko, alama ikatazama alama. Akaijaribu kwenye vinywele vya mkono wake mwenyewe, akanusa chuma, sijui kwa nini.

"Mashine njema," akasema. "Zoran nitampelekea chupa, nisije nikafa na dhambi. Sasa wewe, moja uso mzima. Usitake makuu leo."

"Hata mashavuni, baba?"

"Hata mashavuni. Pita mara tatu. Na palipokatika ruka, pasichubuke tena."

Malte akanyoa. Hakuna "ssss". Hakuna karatasi. Mashine ikaenda kwa uzito wake, inaimba kidogo kama mtu anayefagia nyumba nyingine. Alipoosha uso nilimwona mtu nisiyewahi kumwona: kidevu chenye kishimo! Miaka sita ya ndoa, na mwanamume ana kishimo kidevuni!

"Unacheka nini?"

"Nimefaidi," nikasema.

Kwenye ua wa zimamoto walikuwa vijana sita, mashavu yanang'aa kama sahani. Vidonda vya Malte vilikuwa vimekauka, vidogo, vimejificha chini ya taya. Mkufunzi alipita na barakoa mkononi, akawatazama usoni mmoja mmoja, akaitikia kwa kichwa. Kwa Malte pia akaitikia. Gerlinde, aliyekuja nasi, akaminya mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

Malte akachuchumaa mbele ya Fenja, akamwekea viganja vyake mashavuni.

"Laini?"

"Laini."

"Broch!" mkufunzi akaita kutoka mlangoni. "Malte Broch!"

Malte akasimama. Akainua kidevu juu kabisa, ili afunge kifungo cha kola. Fenja alikuwa bado amesimama magotini pake, amemkamata suruali, anamtazama kutoka chini, pale chini ya taya alipoambiwa aruke, mahali ambapo sisi watu wazima hatukuwa tumetazama.

Akasema, kwa sauti ya kusikika ua mzima:

"Baba, hapa chini bado una ndevu."